SOMO LA KIINGEREZA: NYAKATI ZA KITENZI



Katika toleo hili tunaingia katika jambo ambalo wanafunzi wa madarasa ya jioni hulilalamikia kuliko mengine yote, yaani nyakati za kitenzi cha Kiingereza. Chukua daftari na kalamu. Kama huna daftari, andika pembeni mwa karatasi hii hii, ni yako. Somo ni refu kidogo, kwa hiyo usilimalize kwa siku moja. Lisome pamoja na jirani, mmoja akiuliza na mwingine akijibu.

Tuanze na sentensi mbili. Tuseme mama mmoja yuko mbele ya meza ya usajili, naye anaulizwa mume wake yuko wapi. Anaweza kujibu hivi:

My husband went to Bukavu.

Au anaweza kujibu hivi:

My husband has gone to Bukavu.

Wengi watasema sentensi hizi mbili ni kitu kimoja. Sivyo. Ya kwanza ni "mume wangu alikwenda Bukavu". Haisemi kama alirudi au hakurudi, wala kama yu hai leo. Ya pili ni "mume wangu amekwenda Bukavu". Anayeisikia ataelewa kwamba mume yuko Bukavu sasa, au yuko njiani kwenda huko, na kwamba mkewe anazo habari zake. Afisa ataandika kwenye fomu kile alichokisikia. Kama mume huyo hajulikani alipo tangu siku aliyoondoka, fomu imeandikwa makosa, na kuirekebisha ni kupanga foleni tena na kuulizwa, "Mbona mara ya kwanza ulisema vingine?"

Sasa angalia jambo la kutia moyo. Hakuna msemaji wa Kiswahili anayeweza kuchanganya "alikwenda" na "amekwenda". Tofauti ile ile inayotutesa katika Kiingereza tunayo tayari kinywani tangu utotoni. Kitenzi cha Kiingereza hujibu maswali mawili. Swali la kwanza ni: lini? La pili ni: je, jambo lenyewe limekwisha, linaendelea, au limekwisha lakini bado linagusa siku ya leo? Kiswahili hujibu maswali hayo kwa viambishi vidogo katikati ya kitenzi: -li-, -na-, -ta-, -me-, hu-, -ja-. Kiingereza hujibu kwa kubadilisha mwisho wa kitenzi na kwa kuweka kitenzi kisaidizi mbele yake. Sehemu nyingi lugha hizi mbili zinakwenda sambamba. Sehemu chache zinaachana, na tutakaa zaidi hapo zinapoachana.

VITABU VINASEMA KUMI NA MBILI

Vitabu vya sarufi huonyesha jedwali la nyakati 12. Hesabu yake ni hii: wakati uliopita, uliopo na ujao, mara hali nne. Mwanafunzi akiliona jedwali hilo siku ya kwanza, siku ya pili haji darasani. Kwa maoni yetu jedwali hilo liachwe mpaka baadaye. Kitenzi cha Kiingereza chenyewe hubadilika sura kwa nyakati mbili tu, uliopo na uliopita: "work" na "worked". Mengine yote hujengwa kwa vitenzi visaidizi, navyo ni vinne tu unavyohitaji kwanza: "be", "have", "do" na "will". Anayejua vinne hivi vizuri anaweza kueleza karibu kila kitu kilichompata maishani.

"NA" MOJA, VITENZI VIWILI

Tukisema "ninafanya kazi", tunaweza kumaanisha mambo mawili: kwamba ninafanya kazi dakika hii, au kwamba hiyo ndiyo kazi yangu kila siku. Kiingereza hakikubali kuchanganya. "I am working" ni dakika hii. "I work" ni desturi, kama vile kiambishi hu- katika "mimi hufanya kazi hospitali". Kifaransa nacho hakisaidii hapa, maana "je travaille" hubeba maana zote mbili. Wenzetu wa Kivu ndio wanaopata unafuu. Wao husema "niko nakula" kwa jambo la dakika hii, na hiyo "niko" hukaa mahali pale pale pa "I am": "I am eating".

Kwa nini jambo hili lina uzito? Kwa sababu ya swali moja ambalo utaulizwa katika kila ofisi: "What do you do?" Maneno hayo hayaulizi unafanya nini sasa hivi. Yanauliza kazi yako ni ipi. Ukijibu "I am sitting", umejibu swali ambalo hukuulizwa, na afisa anaweza kuandika kwamba huna kazi. Jibu "I am a tailor", au "I sew clothes". Ukiulizwa habari za zamani, "What did you do in Congo?", hapo unaulizwa kazi uliyoifanya kule: "I was a teacher", "I sold fish".

Kumbuka pia ile "s" ndogo: I work, you work, lakini he works, she works. Ukiuliza au ukikanusha, "s" huhamia kwenye kisaidizi: "She does not work", "Does she work?" Usiseme "she does not works". Kitu kimoja hakiwekwi mahali pawili.

Viko vitenzi vinavyotaja hali ya moyo au ya kumiliki: know, want, need, understand, believe. Hivi kwa kawaida havitaki "-ing". "Ninajua" ni "I know". Hapa Afrika Mashariki tunasikia sana "I am knowing him". Kiingereza cha vitabuni hakisemi hivyo.

HADITHI YAKO, NA KIAMBISHI "KA"

Wakati uliopita ulio rahisi hulingana na -li-. "Nilifanya kazi" ni "I worked". "Nilimwona" ni "I saw him". Vitenzi vingi huongezwa "-ed" tu. Sauti yake ni fupi: katika "worked" mwisho husikika kama t, katika "lived" kama d, na katika "wanted" husikika silabi nzima zaidi. Lugha yetu hupenda irabu mwishoni, kwa hiyo wengi wetu tunaimeza sauti hiyo, na anayetusikiliza anasikia "I work" badala ya "I worked". Itamke hata kama unaona aibu.

Vitenzi visivyofuata kanuni hukaririwa tu, hakuna dawa nyingine. Usikariri 100. Kariri hivi kwanza, kwa sauti, umbo la kwanza, la pili na la tatu: go, went, gone. Come, came, come. See, saw, seen. Take, took, taken. Leave, left, left. Run, ran, run. Flee, fled, fled. Lose, lost, lost. Give, gave, given. Hear, heard, heard. Hide, hid, hidden. Write, wrote, written. Umbo la pili husimama peke yake. Umbo la tatu hutaka "have" mbele yake, kwa hiyo usiseme "I seen" wala "I have went".

Katika kukanusha, angalia Kiswahili kinavyofanya. "Nilisoma" ikikanushwa huwa "sikusoma". Ile -li- imetoweka na -ku- imechukua nafasi yake. Kiingereza nacho huiondoa alama ya wakati kwenye kitenzi na kuipa "did": "I saw", lakini "I did not see". "Did you see?", wala si "Did you saw?"

Sasa tufike kwenye mtego ambao vitabu vilivyoandikwa kwa Wazungu havikuutaja, kwa sababu wao hawana -ka-. Sisi tunaposimulia tunasema: "Nilitoka nyumbani, nikaenda ziwani, nikapanda mtumbwi, nikavuka." Ni kitenzi cha kwanza tu chenye -li-. Vinavyofuata vinabebwa na -ka-, nayo haitaji wakati yenyewe, inafuata mwenzake tu. Msemaji wa Kiswahili akihamia Kiingereza hufanya vivyo hivyo bila kujua: "I left home, I go to the lake, I enter the boat, I cross." Kwetu sisi hadithi hiyo iko wazi. Kwa msikilizaji wa Kiingereza imepinda, kwa sababu kitenzi cha kwanza ni cha zamani na vingine ni vya desturi, kana kwamba unavuka ziwa kila wiki. Sema hivi:

I left home, went to the lake, got into a boat and crossed.

Kila kitenzi kibebe alama yake mwenyewe. Ukitaka mazoezi, simulia safari yako yote kwa Kiswahili ukitumia -ka-, halafu irudie kwa Kiingereza polepole, ukinyanyua kidole kila unapofika kwenye kitenzi. Kila kidole, kitenzi kimoja cha wakati uliopita.

Neno moja liko nje kidogo ya somo, lakini hatuwezi kulipita. "I lost my son" kwa Waingereza mara nyingi humaanisha kwamba mtoto amefariki. Kama mlipotezana njiani wakati wa kukimbia na hujui alipo, sema "My son is missing", au "I was separated from my son". Anayeandika majina ya watoto wanaotafutwa anahitaji kulisikia jambo hilo bila utata.

MELI YA LIEMBA

Tupumzike kwa mfano ambao wengi wenu mliupitia kwa miguu yenu wenyewe, au mliuona kwa macho pale bandarini Kigoma. Soma kwa sauti:

The Germans built this ship in 1913. They sank it in 1916. The British raised it in 1924. In 1927 it began to work again with a new name, Liemba. Before that, the Germans had called it Graf von Götzen. In 1997 it carried refugees from Kigoma back to Uvira. In 2015 it carried refugees from Kagunga to Kigoma. It has carried refugees more than once.

Meli hiyo ilijengwa Ujerumani, ikafunguliwa vipandevipande, na vipande vyake vikasafirishwa ndani ya masanduku hadi ziwani. Wajerumani waliizamisha wenyewe wakati wa vita ili adui asiipate. Ndiyo maana tumesema "they sank it" na si "it sank". Kiswahili nacho hutofautisha kuzamisha na kuzama.

Lakini tazama mistari mitatu ya mwisho. Meli ni ile ile na kazi ni ile ile ya kubeba wakimbizi. Pale tulipotaja mwaka, 1997 na 2015, kitenzi ni "carried". Pale ambapo hatukutaja mwaka wowote, tumesema "has carried". Hii ndiyo kanuni ambayo ningependa uilalie usiku huu: ukitaja siku au mwaka uliokwisha, "have" hapana.

"ME" NA "HAVE"

"Nimekula" ni "I have eaten". "Amefika" ni "she has arrived". Jambo limekwisha, lakini matokeo yake yapo: nimeshiba, yule mtu yupo hapa. Mpaka hapo lugha hizi ni ndugu. Makosa huja ukiongeza tarehe. "I have arrived in this camp in 2015" ni makosa, kwa sababu "in 2015" imekwisha na "have" inasema sasa. Chagua moja. "I arrived in this camp in 2015."

Waliosoma kwa Kifaransa wana hatari zaidi hapa, nao ndio wengi kati ya wenzetu kutoka Kongo na Burundi. "Je l'ai vu hier" ni Kifaransa safi kabisa. Ukiigeuza neno kwa neno unapata "I have seen him yesterday", na hiyo Kiingereza hakiikubali. "J'ai vu" ya Kifaransa mara nyingi ni "I saw" tu. Neno "ai" lisikudanganye kwa kufanana na "have".

Upande wa kukanusha Kiswahili chetu kinatupa zawadi kubwa, nayo ni -ja-. "Sijapata mafuta" ni "I have not received oil". "Sikupata mafuta" ni "I did not receive oil". Ukiwa kwenye kituo cha mgao, tofauti hii ina maana ya chakula. Ukisema "I have not received", unasema bado unangoja zamu yako. Ukisema "I did not receive oil last month", unatoa malalamiko kuhusu mgao uliokwisha kupita, na anayekusikiliza atafungua daftari la mwezi uliopita. Kila moja ina mahali pake. Ukiulizwa "Have you received your card?" na bado, jibu fupi ni "Not yet".

Sasa sehemu ambapo Kiswahili kinatusaliti. Ni mbili.

Ya kwanza ni muda unaoendelea. Tunasema "ninaishi kambini tangu mwaka 2015", kwa -na-. Kifaransa pia husema "j'habite ici depuis 2015", kwa wakati uliopo. Kiingereza peke yake hutaka "have": "I have lived in this camp since 2015." Ukisema "I live here since 2015" utaeleweka, hilo halina madhara makubwa. Madhara yako upande wa pili. Mtu aliyeishi Fizi miaka kumi kabla ya kukimbia akisema "I have lived in Fizi for ten years", Kiingereza kinasema bado anaishi Fizi mpaka leo. Afisa atamtazama, maana mtu mwenyewe yuko mbele yake kambini. Aliyetoka aseme "I lived in Fizi for ten years". Aliyepo aseme "I have lived". Na tukumbushane: "for" huhesabu urefu, kama "for ten years", "since" hutaja mwanzo, kama "since 2015", "since the war". Wengi huandika "since ten years". Si hivyo.

Ya pili ni vitenzi vyetu vya hali. "Mtoto amelala" si "the child has slept". Mtoto bado yumo usingizini, kwa hiyo ni "the child is asleep", au "is sleeping". "Amekaa" ni "he is sitting". "Amevaa kitenge" ni "she is wearing a kitenge". "Nimechoka" ni "I am tired". Kiswahili kinaangalia kitendo kilichomfikisha pale. Kiingereza kinaangalia pale alipo.

Katika kundi hili yako mawili ambayo huandikwa kwenye fomu. "Nimeolewa" au "nimeoa" ni "I am married". Ukisema "I was married" bila kutaja mwaka, afisa ataelewa kwamba ndoa imekwisha, kwa talaka au kwa kifo. Ukitaka kutaja harusi ilifungwa lini, sema "I got married in 2009", halafu uongeze "I am still married". Pili ni "amekufa". Usiseme "he has dead". Sema "he is dead" au "he has died". Na ukitaja mwaka, kanuni ile ile ya tarehe: "My father died in 1998." Tunajua si maneno mepesi kuyafanyia mazoezi. Afadhali kuyazoea hapa chini ya mti, pamoja na watu wanaokufahamu, kuliko kuyatafuta kwa mara ya kwanza ukiwa ofisini.

KITENZI CHA MARADUFU

Hapa tunaweza kwenda haraka, kwa sababu Kiswahili na Kiingereza vinafanana karibu kabisa. Sisi tunasema "nilikuwa ninapika". Wao husema "I was cooking". Sisi tunasema "nilikuwa nimepika"; wao husema "I had cooked". Ya kwanza ni jambo lililokuwa linaendelea pale jingine lilipotokea:

I was cooking when the soldiers came.

Ya pili ni jambo lililokwisha kabla ya jingine. Hapa kuna jozi ya kuangalia vizuri:

When we reached the lake, the boat left.
When we reached the lake, the boat had left.

Katika ya kwanza mtumbwi uliondoka mlipofika, huenda mliupanda. Katika ya pili mtumbwi ulikuwa umekwisha kuondoka, mlibaki ufukweni. Neno dogo "had" ndilo linaloamua ulilala wapi usiku ule.

KESHO

Wakati ujao ni rahisi: -ta- ni "will". "Nitakwenda" ni "I will go". Mtego ni mmoja. Sisi tunasema "lori litakapokuja, nitakwenda", na -ta- inatokea mara mbili. Kiingereza hutaka "will" mara moja tu, tena si baada ya "when" wala "if": "When the truck comes, I will go." Ukipenda, sema kwanza moyoni "lori likija, nitakwenda". Hiyo -ki- haina -ta- ndani yake, na itakuongoza sawasawa.

UNAPOITWA KWENYE MAHOJIANO

Tumefundisha yote haya ili Kiingereza kikusaidie sokoni, shuleni na ofisini. Hatukufundisha ili ujilazimishe kuhojiwa kwa Kiingereza. Katika mahojiano ya UNHCR una haki ya kuomba mkalimani wa lugha unayoielewa vizuri. Mwanamke anaweza pia kuomba, inapowezekana, kuhojiwa na mwanamke mwenzake. Mkalimani halipwi na wewe, na huduma za UNHCR hazina malipo yoyote. Anayekudai fedha ili jina lako liandikwe au lisogezwe mbele ni tapeli, hata kama anaongea Kiingereza kizuri.

Lakini mtu mwenye mkalimani naye anafaidika na somo hili, kwa sababu anaweza kusikia. Ukisema "nilikaa Fizi" na mkalimani akatamka "she has stayed in Fizi", utajua kuna kitu kimekwenda kando, na unaweza kusema, kwa adabu, "Samahani, naomba kurekebisha." Hakuna kosa katika kurekebisha. Kosa ni kunyamaza na kutumaini kwamba hawakuandika.

Yaweke akilini maneno haya matatu: "Please repeat the question." "I do not understand." "I do not remember the exact date." La tatu ni la maana sana. Usibuni tarehe ili kumridhisha anayeuliza. Kama hukumbuki siku, taja lililo jirani nayo: "It was before the harvest", "My first child was two years old". Na mwisho wa mahojiano, omba usomewe yaliyoandikwa.

MAZOEZI

Geuza kwa Kiingereza. Andika kwanza, ndipo utazame majibu.

1. Ninaishi katika kambi hii tangu mwaka 2015.
2. Sijapata kadi mpya.
3. Mtoto amelala.
4. Nilikuwa ninalima niliposikia milio ya risasi.
5. Tulitoka Baraka, tukavuka ziwa, tukafika Kigoma.
6. Dada yangu alikufa mwaka 1998.
7. Niliishi Uvira miaka minane. Sasa siishi huko.
8. Lori litakapofika, tutapakia mizigo.

Majibu:

1. I have lived in this camp since 2015.
2. I have not received a new card. Ukiongeza "yet" mwishoni, ni vizuri zaidi.
3. The child is asleep.
4. I was digging when I heard gunshots. Anayesema "I was working in my field" amepata pia.
5. We left Baraka, crossed the lake and reached Kigoma. Kama umeandika "cross" au "reach" bila "-ed", rudi kwenye sehemu ya -ka-.
6. My sister died in 1998.
7. I lived in Uvira for eight years. I do not live there now.
8. When the truck arrives, we will load the luggage.

Ukikosa namba 1 na namba 7, ziandike tena mara tano kila moja, ukizipanga moja chini ya nyingine. Ukikosa nyingine, muulize mwalimu wako wa jioni. Katika toleo lijalo tutashughulikia -nge- na -ngali-, yaani mambo ambayo yangekuwa lakini hayakuwa.